Duka la Vioo, Narung'ombe

Saa tano na robo, Kariakoo, jua liko utosini
na Pazi ameanza kulitafuta titi kwa pua
kama mtu anayepapasa swichi umeme umekatika.
Ana miezi minne. Hajui foleni.
Hajui kwamba nimebeba zipu dazeni mbili,
bitana mita nne, na chenji ya watu.

Kliniki muuguzi alisema: kila anapotaka.
Hakusema wapi.

Nilianza na benki, kuna kiyoyozi
na viti vilivyoshikana mikono.
Nikafungua kifungo kimoja.
Mlinzi akaja, rungu kiunoni, sauti ya msibani:
"Dada, hapa ni sehemu ya huduma."
Nami natoa nini, kaka?
Sikusema. Nilifunga kifungo, nikatoka,
na kabla ya kufika kona nilikuwa na majibu saba,
yote mazuri, yote yamechelewa.

Mgahawani nikaagiza chai ili ninunue kiti.
Meza ya pili wanaume watatu wananyonya mifupa ya supu,
wanaifyonza mpaka inapiga mluzi.
Pazi alipoanza yeye
wakaiweka mifupa chini, wamepoteza hamu.
Nikamfunika kwa khanga, ile ya
WENYE MACHO WATAZAME, WENYE HAYA WAINAME.
Akaipiga teke. Joto lile, hata mimi ningeipiga.
Chai niliiacha nusu.

Mama wa choo cha kulipia alinionea huruma:
"Ingia umnyonyeshe humu, hamna mtu."
Nikampa mia tatu, nikachungulia.
Ndoo. Kopo lisilo na mkono. Ule unyevu.
"Na wewe mama, ubwabwa wako unakulia humu?"
Alicheka mpaka akajishika kwenye mlango.
Mia tatu hakunirudishia.

Sasa Pazi analia kile kilio chake cha pili,
kisicho na machozi, cha madai,
na blauzi imeshanisaliti: madoa mawili,
la kushoto kubwa zaidi, kama kawaida yake.
Maziwa hayabishi hodi.
Mtu akilia, hata mtoto wa jirani, yanaitika.
Mchuuzi wa soksi ananiambia, "Mama, mpe mtoto,"
mwenzake anamjibu, "Ampe hapa? Mbele za watu?"
wakaanza kubishana, wameniacha mimi katikati
kama mzigo usio na mwenyewe.

Nikakata kushoto, Narung'ombe,
mlango wa kwanza uliokuwa na kivuli.
Kijana ameinama juu ya meza, anakata kioo,
krrrr, halafu tak.
Akaniangalia mimi, akaangalia blauzi, akaangalia Pazi,
hakuuliza.
"Kiti hamna," akasema, "ndoo ipo."
Akaipindua ndoo ya rangi, akatandika gunia,
akapangusa vumbi la vioo mara mbili,
halafu akanipa mgongo, akaendelea na kazi.
Jina lake Lukelo. Niliambiwa baadaye.

Pazi akashika. Mabega yangu yakashuka yenyewe.
Nikainua macho
nikajikuta niko kumi na moja.
Kwenye cha duara niko, kwenye cha mraba niko,
kwenye kirefu cha saluni niko mzima na ndala zangu,
kwenye chenye ufa titi liko upande huu
na mtoto upande wa pili, na bado anameza.
Asubuhi nzima najificha,
nimekuja kujificha kwenye umati wa mimi.
Nilitaka kucheka, lakini akicheka mama titi linatikisika
na Pazi hapendi utani wakati wa kula.

Akaingia mteja, shati la ofisini, kalamu mfukoni.
Akageuza uso kulia: mimi.
Kushoto: mimi.
Akatazama dari, na dari nayo ina kioo kimeegemezwa.
Akakohoa. Akachagua kuwa mnunuzi.
"Kile kikubwa, bei gani?"
Lukelo hakuinua kichwa.
"Kile subiri kwanza, mzee.
Kile kina mtu."